Anti, mama sukari imepanda, fereti wangu sukari imeshuka, na mi Desemba nina tiketi

Anti shikamoo,

Naomba usinicheke, na wasomaji wako wasinicheke, maana najua kuna mtu atasoma hii barua na kusema watu wa nje wana shida za ajabu. Mi ni mama wa miaka 44, mzaliwa wa Tanga, niko Columbus, Ohio mwaka wa 15 sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku, saa tano mpaka saa moja asubuhi. Baba wa mtoto wangu tuliachana zamani. Mtoto mwenyewe ni mmoja tu, wa kiume, ana miaka 19, sa hivi yuko Georgia kwenye mafunzo ya jeshi, simu anapewa Jumapili tena dakika za kuhesabu.

Huyu mtoto alipokuwa na miaka 13, mwaka ule ule baba yake aliotoka nyumbani, akaanza kulia anataka fereti. Kwa wasiomjua, fereti ni mnyama mrefu mwembamba ukimwona utasema nguchiro, ila ukoo wake ni wa kicheche na nyegere, huku watu wanafuga ndani kama paka. Nikakataa miezi mitatu, alafu nikaona mtoto haongei, hali, nikakubali. Wakaja wawili, dume tukamwita Kashata, jike Karanga. Wananuka kidogo, sikufichi, wanaiba soksi wanaenda kuzificha chini ya kochi, na wanalala siku nzima kama wamelipwa kulala. Lakini mtoto alirudi kuongea Anti. Alianza kuongea nao, alafu ndo akaongea na mimi.

Mwaka jana mwezi wa tisa nimerudi kazini asubuhi nikamkuta Kashata kasimama katikati ya sebule anaangalia ukuta. Anaangalia tu. Mate yanamtoka, anajikwangua mdomo na kucha kama kuna kitu kimemkwama, akitaka kutembea miguu ya nyuma inaburuzika. Nikajua kala mpira wa kiatu. Daktari wa wanyama akampima damu akasema sukari ni 48 wakati ilitakiwa iwe kama 90 mpaka 120, kumbe ana vivimbe kwenye kongosho vinatoa insulini, ile inayoshusha sukari, kupita kiasi, inaitwa insulinoma, eti kwa fereti wa umri wake ni ugonjwa wa kawaida kabisa. Tukapewa dawa ya maji, prednisolone, mara mbili kwa siku, saa 12 kwa saa 12, na ale kila baada ya masaa manne hivi. Mi nikaongeza na akili yangu, kila nikitoka kwenda shifti nampaka asali ulimini imsogeze mpaka asubuhi, na nikirudi zabibu kavu mbili, anazipenda kufa.

Karanga naye mwaka huu manyoya yakaanza kutoka mkiani yakapanda mgongoni, sa hivi nusu yake kama panya aliyenyolewa, na sehemu zake za siri zimevimba. Huyo wakasema ni tezi za juu ya figo, kuna kipandikizi cha kuweka chini ya ngozi. Hatujaweka, hela.

Sasa mama. Mama ana kisukari mwaka wa 11, yuko Tanga na mdogo wangu. Mwezi wa nane akapata kidonda kidole gumba cha mguu, hakiponi, mashine asubuhi inasoma 19, siku ingine 22 (kipimo cha kwetu si kama cha huku, kwa huko hiyo ni juu sana), na madaktari wameanza kuongelea kukata kidole. Natuma dola 250 kila mwezi, mwezi wa kidonda nilituma 400. Nimekata tiketi, naondoka tarehe 12 Desemba, wiki tano.

Balaa lilianza hivi. Mwanangu kabla hajaondoka aliweka status WhatsApp, picha ya Kashata na rishiti ya hospitali ya wanyama dola 640, akaandika asante mama. Mdogo wangu akaichukua akaitupa kwenye grupu la familia na maneno, "Mama anaoza mguu, yeye anamtibia panya." Mjomba akaongezea hayo ni mambo ya kizungu, ulaya imekuharibu (niko Marekani lakini kwa mjomba kote ni ulaya). Watu 23 wameona, hakuna aliyenitetea. Sijajibu mpaka leo.

Na hapa sina wa kumwachia. Daktari alivyosikia wiki tano akaniambia kwa upole tu kwamba kuna watu wakifika hapo wanaamua kumpumzisha mnyama, yaani achomwe sindano afe bila kuteseka. Nikachukua miadi, tarehe 9 Desemba. Mwanangu hajui. Siku anaondoka alinishika mkono akasema mama usimwache Kashata aende sijarudi. Nimefikiria nimwambie tu alikufa usingizini.

Wiki iliyopita nimempigia mama, katikati ya maongezi akaniuliza taratibu, "na huyo nguchiro wako kaamkaje?" Nikashtuka, nikasema mzima, nikabadilisha mada.

Anti mimi ni mtu mbaya? Nifanyeje?

Mwenye Kashata na Karanga, Columbus

—

Marahaba mdogo wangu,

Sijacheka. Nimecheka kidogo hapo kwa mjomba na ulaya yake, basi.

Ngoja nikurudishie nilivyokuelewa, uone kama nimekupata. Una wagonjwa watatu, wawili wana mkia. Wewe ndo unatoa dawa, unatoa hela, unalala masaa machache mchana alafu usiku unaenda kugeuza wazee wa watu vitandani. Una mtoto ambaye hao wanyama kwake si wanyama, ni ule mwaka aliopona. Una tiketi, una miadi ya tarehe 9, na una uongo ambao hujausema bado ila umeshauandaa. Na juu ya hayo yote kuna watu 23 wamesoma rishiti yako wakanyamaza.

Mi si daktari wa wanyama, kwa hiyo kabla sijaandika hapa nilimtafuta mtu anayewatibu hawa fereti nikamsomea barua yako. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye asali, hapo akanikatisha. Kwa hiyo na mimi nitaanzia hapo kabla ya mambo ya moyoni, maana hili haliwezi kusubiri.

Asali ya kila usiku na zabibu za asubuhi, mdogo wangu, inawezekana ndo zinamwangusha. Najua umefikiria kama mtu mwenye mama wa kisukari, sukari imeshuka, ongeza sukari, na kwa binadamu aliyezidisha sindano ya insulini ndo tunavyofanya. Lakini Kashata hajazidishiwa sindano, kiwanda chenyewe kiko tumboni mwake na hakina breki. Ukimpa utamu vile vivimbe vinaona sukari imeingia vinamwaga insulini nyingi zaidi, sukari inapanda dakika chache alafu inaporomoka chini kuliko ilipokuwa, na wewe wakati huo uko kazini. Kinachomshikilia masaa mengi ni nyama, protini na mafuta, kidogo kidogo na mara nyingi, maana fereti ni mla nyama mtupu na utumbo wake mfupi, chakula kinapita ndani ya masaa matatu manne kimekwisha. Kwa hiyo kabla ya shifti ni nyama ya kuku iliyosagwa au chakula chake kilichorojeshwa kwa maji ya uvuguvugu, na bakuli lingine libaki. Asali iwekwe ila iwe ya dharura tu, akianza kukodolea ukuta na mate yale, unampaka kwenye fizi, na kama anatetemeka kwa degedege tumia pamba ya masikio usiweke kidole maana atakung'ata bila kujua, wala usimmiminie mdomoni akapaliwa. Akizinduka tu, nyama hapo hapo, na simu kwa daktari. Na prednisolone usije ukaikata ghafla hata siku umechoka vipi, ikipunguzwa inapunguzwa taratibu na daktari.

Kwa nini nimelirefusha hili? Kwa sababu umechukua miadi ya tarehe 9 ukiwa unamwangalia Kashata wa asali. Sijui Kashata wa nyama tupu yukoje na wewe hujui. Pengine ni yule yule. Pengine siku zake mbovu zitapungua. Kuna na dawa ya pili, diazoxide, inayozuia kongosho kutoa insulini, wengine wanaongezewa pale prednisolone peke yake inapozidiwa, ina gharama na inaweza kumchafua tumbo, ila iulizie. Operesheni ya kutoa vivimbe nayo ipo, na fereti wengine inawapa muda mrefu kuliko dawa tupu, lakini ana miaka 6 huyo, vivimbe vingine ni vidogo havionekani na huwa vinarudi, na kumpasua Novemba alafu umwache na nyuzi Desemba, hata mimi nimeogopa.

Karanga kwanza mtoe kwenye hesabu ya safari. Umewaandika wote wawili kama kamba moja ya kukufunga, lakini yeye kipandikizi cha deslorelin akiwekewa mapema mwezi huu kinaanza kufanya kazi baada ya wiki chache, na kwa kawaida kinamshikilia mwaka mzima au zaidi. Wiki tano zako zitapita yeye anaota manyoya. Hela najua. Ila ni mara moja si kila wiki. Na kuna kitu hujakiandika, Kashata akiondoka Karanga atabaki peke yake, hawa wakiishi wawili mmoja akifa mwingine anaweza kususa chakula kabisa. Yeyote utakayemwachia nyumba ajue hilo.

Haya, hela. Grupu limekuhesabia kwamba dola 640 za Kashata zimetoka mguuni kwa mama, na nahisi na wewe umeanza kuamini. Hebu kaa na kalamu. Mwezi wa kidonda ulituma 400. Je kuna mwezi hata mmoja mama alikosa dawa, au dresingi, au nauli ya kliniki, kwa sababu hela imeenda kwa fereti? Kama upo, hilo tutaliongea kivingine na ni zito. Kama haupo, basi kinachokuuma ni aibu, na aibu haipungui kwa kumuua mnyama. Usidhani tarehe 9 ikipita grupu litakuomba radhi.

Na hayo ya mambo ya kizungu, mwambie mjomba kwa heshima zote kwamba madrasa tulisomeshwa habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia mpaka akafa na njaa, na yule aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji, na wala hawakuwa wazungu.

Ila mdogo wako nisikilize. Usimfanye adui haraka. Huyo ndo anafungua bandeji kila siku, ndo anaisikia ile harufu, ndo analala chumba cha pili anamsikia mama anavyougua usiku. Wewe unajua kuhudumia kunavyomgeuza mtu, unawaona wenzako kazini. Maneno yake yalikuwa makali na kuyatupa mbele ya watu 23 hakukuwa uungwana, lakini inawezekana nyuma yake kuna mtu aliyechoka aliyeona picha ya mnyama anapokea uangalizi ambao yeye hajawahi kuambiwa pole kwa kuutoa. Ungempigia yeye peke yake, nje ya grupu, umuulize analalaje, sijui angejibu nini. Inaweza ikawa ugomvi. Inaweza pia ikawa mara ya kwanza mnaongea kama wauguzi wawili.

Sasa nani wa kumwachia. Umesema huna mtu, na mimi hilo nalisoma kwa jicho la mashaka kidogo, maana unafanya kazi na watu wanaojua kupima dawa kwa bomba la mililita usiku wa manane. Hakuna mwenzako wa shifti mwenye kupenda wanyama, ambaye wiki tano za kukaa nyumbani kwako bure zingemfaa? Kama yupo, asianze siku unayopanda ndege. Aje wiki mbili kabla, atoe dawa yeye wewe umesimama pembeni, weka alama ya rangi ya kucha kwenye bomba pale dozi inapofika, mwandikie karatasi ya friji, saa za dawa, saa za kula, asali iko wapi, namba ya daktari, na mpaka gani wa hela asiupite bila kukuuliza. Ajifunze kumpima uzito kwa mizani ya jikoni kila wiki. Na akipata mafua makali asimbebe, fereti wanaambukizwa mafua ya binadamu na kwa Kashata dhaifu mafua si mchezo.

Kuna na hospitali za wanyama zinazolaza, na kuna watu Marekani wanaoendesha makazi ya fereti majumbani kwao, wengine wanapokea wa muda kwa malipo, na hao ugonjwa huu wanaujua kuliko hata baadhi ya madaktari. Hatari yake ni kwamba ni pahala pageni, wanyama wengi, maradhi yanazunguka, chanjo ziwe kamili, na Kashata anaweza akagoma kula kwa ugeni tu, na yeye kukosa mlo mmoja si kama wewe kukosa mlo mmoja. Mtu akija kwako ana ahueni ya kubaki kwenye kibembea chake na soksi zake.

Safari kuifupisha ni njia pia, wiki tatu badala ya tano, lakini kama kidole kitakatwa ukiwa huko utataka kuondoka siku ya 21? Na kuahirisha kabisa sitaki kukusukuma wala kukuzuia, kidonda cha kisukari hakifuati kalenda ya mtu. Uliza madaktari wa mama wanatarajia nini Desemba kabla hujagusa tiketi.

Na tarehe 9 yenyewe. Sikwambii uifute, sikwambii uiache. Kumpumzisha mnyama anayeteseka si uuaji na sitaki ubebe neno hilo. Kuna siku inafika dawa imepandishwa mpaka mwisho, nyama hataki, miguu haisimami, degedege mbili kwa siku, na hapo kumshikilia kunakuwa kwa ajili yetu sisi. Je Kashata yuko hapo? Barua yako nzima hujaniambia kama bado anaiba soksi. Chukua kalenda ya ukutani, kila siku weka alama moja, siku njema au siku mbovu, njema maana yake kala, katembea, kacheza hata dakika tano. Fanya hivyo kuanzia leo, bila asali, uende nayo kwa daktari mwisho wa Novemba. Utakuwa unaamua juu ya Kashata, si juu ya tiketi. Huenda kalenda ikasema ndiyo, wakati umefika. Hata hivyo itakuwa imesema kalenda.

Kinachonisumbua zaidi ni mwanao. Unataka kumdanganya ili asiumie, naelewa kabisa, hata mimi ningefikiria. Lakini huyu kijana baba aliondoka akiwa na miaka 13, na kama nimekusoma vizuri nyumba ilikaa kimya miezi mitatu, hakuna aliyemwelezea chochote mpaka wakaja hao wanyama wawili. Akija kujua, na watoto wanajua, daktari atatuma bili, jirani ataropoka, atakuwa amepoteza Kashata na kitu kingine juu yake. Upande wa pili, ukimwambia Jumapili kwenye zile dakika chache atarudi kwenye foleni ya askari na uchungu asioweza kuufanyia chochote, na hilo nalo si dogo, mafunzo yale ni magumu. Barua je? Jeshini barua wanapokea. Ungemwandikia hali ilivyo, kwamba Kashata anazeeka, kwamba bibi anaumwa, kwamba mama yako naye kachoka, umuulize yeye angependa nini kama hali ikizidi. Anaweza akasema subiri. Anaweza akasema mama fanya tu. Umemzoea akiwa mtoto wa kulilia fereti, lakini huyu sasa anafundishwa kushika bunduki, nadhani swali hilo ataliweza.

Umeuliza kama we ni mtu mbaya. Mtu mbaya asingejua dozi inatolewa saa ngapi.

Umeniandikia mengi, lakini katika watu wote uliowataja, familia nzima na grupu lao, aliyeuliza hali ya huyo mnyama ni mmoja, tena ni yule yule mwenye kidonda. Ukimpigia tena mama wiki hii, mpe jibu la lile swali lake. Mwambie nguchiro kaamkaje kweli.

Wako,
Anti